Chale Tatu kwenye Shingo ya Gongo

Blockhouse, Kaunti ya Lunenburg
9 Septemba 1974

Kwako Bi Gloade,

Hunijui. Naitwa Alden Corkum. Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na minane, na tangu nistaafu mke wangu Verna anasema afadhali ningeendelea kuendesha, maana nyumba sasa imejaa magongo. Ninakusanya magongo ya zamani ya hoki ya barafuni, yale ya kipande kimoja cha mti waliyochonga watu wa kwenu, wenyeji wa asili wa nchi hii, kabla viwanda havijaanza kubandika vipande viwili kwa gundi. Ninayo arobaini na matatu. Nimeyatoa mabandani, chini ya ngazi na juu ya dari. Moja lilikuwa linakoroga chakula cha nguruwe.

Padre wa Shubenacadie ndiye aliyenipa anwani yako. Alisema, "Mwandikie Philomene Gloade, msuka vikapu. Kama yeye hajui, basi hakuna anayejua. Ila usimchoshe."

Nitajitahidi nisikuchoshe. Kati ya magongo yangu yapo manne yenye alama moja. Shingoni, chini kidogo ya pale mkono wa juu unaposhika, kuna chale tatu fupi, kila moja kama punje ya ngano. La kwanza nililipata miaka saba iliyopita, na tangu siku hiyo namtafuta mwenye chale hizo. La nne nimelipata mwezi Julai karibu na Windsor, limeegemezwa mlango wa banda la kuku.

"Hilo?" mkulima akasema. "Hilo ni komeo."

"Nitakuletea komeo la chuma, jipya."

"Kuku wamelizoea hilo."

Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu mkewe akamwambia, "Mpe mzee wa watu gongo lake aende, chai yangu inaisha."

Ninachouliza ni kimoja tu. Chale hizo ni za nani?

Kwa heshima,
Alden Corkum


Indian Brook
20 Septemba 1974

Bwana Corkum,

Padre anasema nisichoshwe, na yeye ndiye anayekuja kunimalizia chai kila Jumanne.

Chale hizo alizikata babu yangu, Stephen Gloade, mzaa baba. Alikufa Machi 1923. Kisu chake bado ninacho.

Huyo mkulima wa kuku usimcheke. Wengine waliyatia jikoni yakawa kuni. Je, kisigino cha hilo la kuku, pale gongo linapojipinda, hakijapasuka? Huo ni mti wa chuma, ndivyo tunavyouita kwa ugumu wake, lakini haupendi kusimama na mguu matopeni.

P. Gloade (Bi)


Blockhouse
28 Septemba 1974

Mpendwa Bi Gloade,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye sanduku la posta, nikaisoma tena ndani ya gari, kisha nikamsomea Verna huku akikata kabichi ya kuchachusha. Akaniuliza, "Sasa umeshampata, utaacha?" Nikamwambia sasa ndiyo naanza.

Stephen Gloade. Miaka saba nilikuwa namwita Bwana Chale Tatu.

Kisigino cha hilo la kuku ni kizima. Yote manne ni mazima. Niruhusu nikueleze, maana sijui kama umewahi kuyaona ukiwa mtu mzima. Ni mafupi na manene, yenye wayo wa duara pale chini pa kupigia, umbo la zamani sana, la enzi ambazo watu walipiga kipande cha mti ziwani. Kwa umbo hilo nakadiria yana miaka mia moja au zaidi. Wachongaji wengine wa zamani hupinda kisigino kwa nguvu, na ukitazama vizuri utaona nyuzi za mti zimekatwa pale pembeni. Babu yako hakukata hata unyuzi mmoja. Alikwenda kutafuta mti ambao mzizi wake ulikuwa umeshajipinda wenyewe, kisha akapunguza tu kile kisichotakiwa. Nyuzi zinazunguka kisigino kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni.

Na uzito wake. Ukilishika shingoni kwa vidole viwili, gongo linatulia, halilali mbele wala nyuma. Nimeshika mamia ya magongo, Bi Gloade. Hakuna mwingine aliyeweza kufanya hivyo mara nne.

Huyo alikuwa bwana wa mabwana. Nisamehe kwa maneno mengi.

Wako,
Alden Corkum


Indian Brook
14 Oktoba 1974

Bwana Corkum,

Maneno mengi nimekusamehe. Nimeyasoma mara mbili. Mara ya tatu nilimsomea dada yangu Madeline, ambaye ni kiziwi kidogo, kwa hiyo hata majirani wamesikia.

Usiharakishe kutaja miaka mia. Umbo si umri. Mtu anaweza kushona leo gauni la bibi yake.

Kuhusu kuchagua mti umesema kweli. Unaupiga kwa mgongo wa shoka, unasikiliza. Ukijibu kwa sauti ya bati, unaondoka. Kisha unachimba kwa mikono mpaka uone mzizi umegeukia wapi, na mara nyingi umegeukia usipotaka, unaufukia, unaenda mwingine. Siku nzima unaweza kurudi na kucha chafu tu. Kisu chetu kimepinda ncha na unakivuta kuja kwako, husukumi. Maranda yanaingia kwenye nywele, kwenye soksi, kwenye mkate.

Magongo hayo manne ungeniambia kila moja lilivyo. Lipo lenye kovu dogo upande wa kushoto, chini ya shingo, kama kisu kiliteleza?

Sina haraka, lakini huku majani yameshaanguka na jioni ni ndefu.

Philomene Gloade


Blockhouse
2 Novemba 1974

Mpendwa Bi Philomene,

Kovu lipo. Ni lile la tatu. Nililitazama kwa kioo cha kukuzia na nikakaa chini. Bila shaka mzee alikusimulia kila gongo, kama mtu anavyosimulia farasi wake. Kumbukumbu ya kwenu ni ya ajabu.

Hayo manne ni haya. La kwanza ni la mtu mfupi, na linapiga kulia. La pili lina mpini mwembamba kuliko mengine, utafikiri lilichongwa na mtu mwenye kiganja kidogo, ila mkono wake una hakika. La tatu ndilo lenye kovu, nami nalipenda kuliko yote, kwa sababu baada ya kisu kuteleza hakujaribu kulifuta kovu. Alilizunguka, akaendelea na kazi. Huyo ni mtu aliyejiamini. La nne ni la kuku. Amepunguza wayo mpaka mwanga unakaribia kupita, na bado umebeba mlango miaka hamsini.

Sasa nikupe habari. Bi Hennigar wa makumbusho ya kaunti anafungua ukumbi mpya mwezi Februari na ameomba yote manne. Nimeshamwandikia maelezo: Stephen Gloade, takriban mwaka 1865.

Habari ya pili nilitaka iwe ya kukushtukiza, ila Verna ameniambia mtu hashtukizwi kwa makaburi. Padre alinionyesha pale mzee alipolala. Msalaba wake wa mti umeanguka. Sisi wakusanyaji wachache tumeamua kumwekea jiwe. Mchonga mawe ni Otto Veinot wa Mahone Bay, ataanza tarehe ishirini na tano. Maneno ni haya: "Stephen Gloade, fundi mkuu wa magongo, ambaye mikono yake haikuwa na mfano." Padre alisema familia itafurahi.

Tafadhali niambie kama jina limeandikwa sawasawa.

Wako katika kumstahi,
Alden


Indian Brook
18 Novemba 1974

Bwana Alden,

Mzuie mchonga mawe. Mpigie simu kabla hujamaliza kusoma.

Babu yangu hakuyachonga magongo hayo manne. Niliyachonga mimi.

Sasa kaa nikueleze. Babu alipofuka macho mwaka 1915. Mikono nayo ikakakamaa kwa baridi yabisi mpaka hakuweza kufunga vidole kwenye kisu. Baba na kaka zangu walikuwa kambini wakikata magogo tangu vuli mpaka barafu iyeyuke. Nyumbani tulibaki wanawake, Babu, na jiko. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili Babu aliniambia, "Lete kile kisu, kaa hapa mbele ya magoti yangu." Nikakaa hapo karibu miaka mitatu.

Tulikwenda msituni pamoja. Mimi nilikuwa macho, yeye sikio. Nyumbani nilichonga, na nikifikiri nimemaliza nilimwekea gongo mapajani. Alilipitishia viganja kutoka juu mpaka chini, polepole, na kusema, "Hapa pana nyama." Basi tu. Hakusema nyama kiasi gani. Nilirudi kupunguza. Mpindo ukiwa sawa, alishikilia kisu kati ya viganja viwili akakata chale moja. Uzito ukiwa sawa, ya pili. Mara ya tatu alipitisha mikono, akikosa la kusema, alikata ya tatu. Ndiyo maana nimekuandikia kwamba chale ni za babu yangu. Ni zake kweli.

Na umbo ni la zamani kwa sababu macho ya Babu yalifungwa yakiwa na hilo. Huko nje wachongaji walikuwa tayari wanatengeneza marefu na membamba yaliyotakiwa mjini. Babu hakuyaona. Alinifundisha gongo la ujana wake. Tulifanya kumi na tisa. Baba aliyapeleka Windsor pamoja na vikapu, na hakuna aliyeuliza yamechongwa na nani. Waliona mzee mbele ya jiko, wakajijibu wenyewe.

Alipokufa nilimwomba Baba niendelee. Akaniambia, "Philo, nani atashika gongo la msichana wa miaka kumi na mitano?" Hakusema kwa ubaya. Mama akanipa tepe nyembamba za mti za kusukia vikapu, nikasuka. Nimesuka miaka hamsini na moja.

Ningeweza kukusahihisha tangu Septemba. Hukuuliza nani aliyachonga, uliuliza chale ni za nani, nami nikajificha hapo. Sikujificha kwa sababu ya Babu. Nilijificha kwa sababu barua yako ya pili ilisema nyuzi zinazunguka kisigino kama maji, na mimi nakumbuka kisigino hicho, nilikuwa na mafua wiki nzima nilipokichonga. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno juu ya magongo yale. Nilitaka kusikia na la pili. Ukaniandikia la pili, nikataka la tatu. Ndiyo hivyo. Mwanamke mzima nikawa namvizia mleta barua kama msichana aliyeposwa.

Lakini jiwe siliwezi. Babu hakuwahi kuchukua sifa ya mtu. Nikiacha yaandikwe hayo juu ya kichwa chake, nitaogopa kupita pale.

Najua nimekunyang'anya miaka hamsini. Magongo yako si ya 1865, ni ya 1920 mpaka 1923. Kwa makumbusho pengine hayana maana tena. Samahani sana, Alden. Ulikuwa na furaha.

Philomene


Indian Brook
9 Desemba 1974

Bwana Alden,

Wiki tatu sasa. Naelewa kama umekasirika. Madeline ananiambia nisikuandikie, lakini Madeline hajawahi kuniambia nimwandikie mtu yeyote.

Nataka kujua tu kuhusu jiwe. Neno moja kwenye kadi ya posta linatosha.

P. Gloade


Blockhouse
13 Desemba 1974

Mpendwa Philomene,

Sijakasirika hata dakika moja. Nilikuwa hospitali. Tarehe kumi na tisa Novemba niliteleza kwenye ngazi ya nyuma nikavunja mguu mahali pawili, na Verna, akijua kwamba kila bahasha ya Indian Brook inanifanya nisimame, aliiweka yako ndani ya bati la mkate mpaka nirudi. Nilirudi tarehe saba. Nilisoma mstari wako wa kwanza nikashika simu.

"Otto, umefika wapi na lile jiwe?"

"Nimemaliza jana," akasema. "Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya mwaka huu."

"Lifute."

Kisha akasema, "Alden, hili ni jiwe, si ubao wa shule."

Nikamsomea barua yako yote kwenye simu, mpaka mwisho. Otto ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Nitalisaga. Litakuwa jembamba kidogo." Analisaga wiki hii. Uso wake utakuwa mtupu, unakungoja wewe useme paandikwe nini. Safari hii siandiki mimi.

Kisha nikamwambia Verna anitolee barua zako zote, nikazisoma upya kwa mpangilio. Uliniambia kila kitu. Umbo si umri. Maranda kwenye mkate. Kovu la kushoto. Nilikuwa na mchongaji mwenyewe kwenye bahasha, nami nikamwandikia kwamba ana kumbukumbu nzuri. Na lile la pili, niliandika kwa mkono wangu kwamba utafikiri lilichongwa na kiganja kidogo. Nikapita.

Jana nilijikokota na mikongojo mpaka kwa Bi Hennigar nikamweleza. Alivua miwani.

"Kwa hiyo mchongaji yuko hai?"

"Yuko hai, na ana maoni."

"Bwana Corkum, nina ukumbi mzima wa vitu vilivyotengenezwa na watu wasiojulikana. Unafikiri nataka kurudisha hivi vinne?"

Vitakaa pale pale alipopanga. Kadi inaandikwa upya.

Mwenzangu Murray Eisnor wa Chester, ambaye ana magongo sitini, alinicheka mbele ya watu. "Corkum, umepigwa miaka hamsini na mama msuka vikapu." Nikamjibu, "Murray, wewe una sitini, na hujawahi kupata barua kutoka kwa hata mmoja wa walioyachonga." Akaacha kucheka. Nadhani ana wivu, na ana haki.

Unasema nilikuwa na furaha. Philomene, nilikuwa namstahi marehemu. Sasa yule ninayemstahi ananijibu na kunisuta. Kwa vyovyote sikupunjwa.

Kwa kuwa ni msimu wa kuungama, na mimi nina langu. Nilikuandikia kwamba yote manne ni mazima. Si kweli. Lile la kwanza, majira ya baridi niliyolipata, nilishindwa kujizuia. Nilikwenda nalo ziwani peke yangu, nikapiga kipande cha mti mara sita. Mara ya saba likalia. Kisigino kina ufa wa urefu wa kidole kidogo. Nimeutia mafuta ya kitani na kuugeuzia ukutani miaka saba, na hata Verna hajui. Nilipojua kwamba mwenye gongo alikuwa na mjukuu hai nilishindwa kusema. Sasa namwambia mwenye gongo mwenyewe.

Alden


Indian Brook
20 Desemba 1974

Alden,

Nimecheka mpaka Madeline akaja kuuliza nani amekufa.

Mti wa chuma uliokaa nusu karne karibu na majiko ya watu unakauka kama biskuti. Ungenivunjikia hata mimi. Babu asingekuuliza kwa nini lilipasuka, angekuuliza kwa nini ulicheza peke yako. Lile ni gongo la kugombana na mtu.

Ila umenifurahisha kwa kitu kimoja. Miaka saba umeficha ufa usiokuwa wako, na mimi miezi miwili nimeficha magongo yaliyo yangu. Padre akisikia atatuweka benchi la mbele.

Kuhusu jiwe. Nimefikiri siku tatu. Otto aandike jina, na miaka 1839 mpaka 1923, na chini yake neno moja, "Alifundisha". Nataka liwe fupi kwa sababu yeye alikuwa mfupi wa maneno, na kwa sababu jiwe limekuwa jembamba.

Kadi ya makumbusho waandike watakavyo, mradi wasiseme nilimsaidia Babu. Sikumsaidia. Alinifunza, nikachonga. Watu wakiona msichana na mzee mahali pamoja neno "alimsaidia" linawatoka lenyewe.

Nawatumia wewe na Verna samaki mkunga aliyekaushwa kwa moshi. Amenaswa na mpwa wa Madeline, si kazi yangu, kwa hiyo unaweza kumsema vibaya ukitaka.

Philomene


Blockhouse
10 Februari 1975

Philomene,

Mkunga alikwisha kwa siku mbili. Verna anataka mwingine na anaona haya kuomba.

Jiwe liko tayari. Otto amelikata herufi nyembamba na amekataa kulionyesha kwa mtu mwingine kabla yako. Ardhi ikilainika tutalileta.

Habari mbaya ni mguu. Daktari ameuvunja upya ili auunge upya, na tarehe ishirini na mbili, siku ya kufungua ukumbi, nitakuwa nimelala hapa na plasta mpaka kwenye paja. Karibu miaka minane nimengoja kumwona Bwana Chale Tatu amesimama mbele ya kazi yake, na sitakuwepo. Bi Hennigar atakutumia gari. Tafadhali nenda. Usiseme una vikapu vya kumaliza.

Na ukirudi, niambie kila kitu. Si ulivyowaambia watu wa gazeti. Nataka lile lililotokea.

Alden


Indian Brook
24 Februari 1975

Alden,

Basi haya ndiyo yaliyotokea.

Gari lilikuja saa tatu asubuhi. Madeline alinitazama akasema, "Umevaa koti la mazishi." Nikamwambia ndilo pekee lenye vifungo vyote. Theluji ilikuwa imekatwa kando ya barabara kama kuta.

Watu walikuwa wengi kuliko misa ya Pasaka. Bi Hennigar alikuwa kwenye mlango wa mbele akisalimiana na waheshimiwa, sikutaka kumsumbua. Nikaingia ndani na Madeline, tukapita mashine za kushonea na viatu vya barafu na picha za watu wenye masharubu. Magongo yalikuwa mwishoni, kwenye sanduku la kioo peke yake, yamesimamishwa yote manne, na taa imewekwa juu. Sikuwa nimeyaona tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Nilidhani yatakuwa madogo, kama vitu vyote vya utotoni vinavyokuwa vidogo ukivirudia. Hayakuwa madogo.

Palikuwa na mtu na mke wake mbele yangu. Mke akasoma kadi kwa sauti: "Yamechongwa na Philomene Gloade wa Indian Brook, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hadi kumi na mitano, kwa mafundisho ya babu yake, Stephen Gloade, ambaye chale zake zinathibitisha kila moja." Mume akainama mpaka pua ikagusa kioo. Akasema, "Mimi nina miaka arobaini na sijui kupigilia msumari." Wakaenda zao. Hawakujua kwamba nimesimama pale. Madeline alinibana mkono mpaka pakauma, kumbe siku hiyo alikuwa anasikia vizuri.

Nikaweka kiganja kwenye kioo. Akaja mlinzi, mzee wa makamo yetu, mwenye funguo kiunoni.

"Mama, tafadhali usiguse kioo."

"Sikigusi kioo mimi. Nayagusa yaliyo ndani."

"Hata hayo hayaguswi."

Madeline akamwambia kwa ile sauti yake, "Ni yeye aliyeyatengeneza, wewe." Ukumbi mzima ukageuka. Mlinzi akaisoma kadi. Akanitazama koti, akanitazama mikono. Aliitazama mikono muda mrefu. Kisha akaondoka, nikafikiri anakwenda kuita mtu wa kututoa. Akarudi na Bi Hennigar, naye Bi Hennigar alikuwa ameacha waheshimiwa mlangoni. Akamwambia mlinzi, "Fungua." Mlinzi alijaribu funguo tatu ndipo akaupata wenyewe.

Aliniuliza nataka lipi. Nikasema la tatu, lenye kovu, lile upendalo.

Wa gazeti aliniuliza nilijisikiaje nikamwambia miguu inauma. Wewe nakwambia. Nililishika shingoni kwa vidole viwili. Likatulia, kama ulivyosema. Niliona ni kweli, Alden, kila ulichokiandika, na sikuona haya kuona hivyo. Yule msichana alikuwa anajua kazi. Nikamsifu mwenyewe, kimoyomoyo, kwa maneno yako kwa kuwa mimi sikuwa na mengine.

Kisha nikafumba macho nikalipitishia viganja, kutoka juu mpaka chini, polepole. Shingo ni sawa. Mpini ni sawa. Nikafika kwenye kisigino, upande wa ndani, mahali ambapo jicho halifiki kwa sababu ya mpindo. Pana nyama.

Si nyingi, ni kama unene wa utepe mmoja wa kikapu. Nikarudia mara ya pili nikidhani ni baridi ya mikono. Ipo. Chale ya tatu ilikatwa na nyama ipo. Sijui kama vidole vya Babu vilikuwa vimeshachoka kiasi hicho, au alihisi akanitazama kwa njia yake, akaona ni jioni na nimechoka, akaniachia. Sitajua.

Bi Hennigar akaniuliza, "Kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, rudisheni. Ningekuwa na kisu pale ningelipunguza mbele ya waheshimiwa.

Sijalala vizuri siku mbili, lakini si kwa huzuni. Nimekitoa kisu sandukuni nikakinoa. Kimebaki chembamba ila kinashika. Mikono yangu imesuka miaka yote hii, haijakakamaa. Mti wa chuma umekuwa adimu huku kwetu, lakini Madeline anasema kuna michache juu ya vilima vya Rawdon, kwenye mteremko unaotazama mashariki. Barafu ikiisha msituni na plasta yako ikiisha, njoo na gari, na viatu vya matope, na shoka lenye mgongo mnene. Jiwe tutaliweka asubuhi, halafu twende. Ukiongea wakati nasikiliza mti nitakuacha huko huko.

Nina miaka sitini na saba, na sasa najua pa kupunguza.

Philomene Gloade